Mashine kuukuu ya kuchuma mahindi: ninunue kwa ekari 25?

*Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Tabata, lakini nina ekari 25 za mahindi Mvomero. Kila mwaka mahindi ya masika yakikauka nahangaika na vibarua. Wengi wako Dakawa kwenye mpunga au Mtibwa kwenye miwa, na wanaobaki wananitoza shilingi 60,000 kwa ekari kukata, kumenya na kukusanya. Yadi moja Barabara ya Nyerere wana mashine ya zamani ya kuchuma mahindi, New Idea ya Marekani, ya mistari miwili, inavutwa na trekta. Wanataka milioni 14. Trekta ninayo, Massey Ferguson 165, nzima. Ninunue?*

Marahaba, mama. Kwa milioni 14, usinunue. Kwa bei iliyo chini sana ya hapo, na baada ya kuikagua kama nitakavyokueleza, naweza kukuambia chukua, maana mashine yenyewe si mbaya na trekta yako inaiweza. Ila haivuni peke yake. Inataka shamba lililopandwa kwa ajili yake, na inataka mwenye shamba anayejua mahindi yakishamwagwa kutoka kwenye tela yanakwenda wapi siku hiyo hiyo.

Tuanze na fedha. Ekari 25 kwa 60,000 ni milioni moja na nusu kwa msimu. Mashine haitakuondolea gharama hiyo yote. Bado kuna dizeli, dereva, kijana wa kubadilisha tela, grisi, na watu wa kuokota mahindi yaliyodondoka. Mimi nakadiria nusu ya fedha itaishia huko hata kabla kitu hakijavunjika. Unabaki na laki saba, laki saba na nusu. Kwa mwendo huo milioni 14 zinarudi baada ya misimu kama ishirini, kwa mashine iliyozeeka kabla hujaiona. Muuzaji atakwambia utakodisha kwa majirani. Muulize majirani zako wamepandaje. Kama wamepanda kwa jembe bila kamba, na katikati wakachomeka maboga na kunde, hutavuna kwao kitu zaidi ya ugomvi.

Hata hivyo gharama ya vibarua si hesabu yote, na hapa nakubaliana na wewe. Mahindi yaliyokauka yakikaa mwezi mzima yakingoja watu, mchwa wanakula mabua kwa chini, upepo unayalaza, fukusi wanaanza kazi yakiwa bado shambani, na wezi nao hawalali. Ukipoteza gunia moja tu kwa ekari kwa kuchelewa, hizo ni gunia 25, na huenda zikazidi ile akiba ya vibarua. Faida ya mashine iko hapo: unachagua wewe siku ya kuvuna. Ya mistari miwili, kwenye nafasi ya sentimita 75, kwa mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza, kubadili tela na kuzibua, itakupa kama ekari moja kwa saa. Shamba lako lote ni siku nne au tano za kazi ya kueleweka.

Sasa uijue inavyofanya kazi, maana usipoijua hutaweza kuikagua. Mbele ina pua ndefu za bati zinazopita chini na kuinua mabua yaliyolala. Cheni zenye vidole zinayaongoza mabua hadi kooni, na kooni kuna roli mbili za chuma zenye mbavu, zinazozunguka kuelekeana. Roli hizo hazikati. Zinalivuta bua kwenda chini kwa kasi, bua linapita katikati yake, na hindi kwa kuwa ni nene haliwezi kupita, basi linanyofoka kwenye kikonyo. Mahindi yanapanda kwenye lifti hadi kitanda cha kumenyea, ambako roli nyingine, za raba na za chuma, zinang'ata maganda na kuyavuta chini. Feni inapuliza takataka, na lifti ya pili inamwaga mahindi kwenye tela linalofuata nyuma. Haipukuchui. Tofauti yake na kombaini ni hiyo.

Tofauti hiyo ndiyo wengi hawaifikirii. Mashine hizi zilienea kule kwenye ukanda wa mahindi wa Marekani katikati ya karne iliyopita, kabla kombaini hazijazisukuma pembeni. Mkulima wa Ohio au Iowa alichuma mahindi yakiwa bado na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, akayajaza na magunzi yake kwenye banda lenye kuta za mianya, na baridi ya miezi kadhaa ikamlindia mpaka atakapopukuchua. Sisi hatuna baridi hiyo. Tunaye dumuzi, mdudu yule ambaye wakulima wengi wanamwita Skania, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni hindi lililokauka likiwa bado kwenye gunzi lake. Ukichuma kwa mashine ya Ohio na kuhifadhi kama watu wa Ohio, ifikapo Novemba utakuwa na unga wa dumuzi. Kwa hiyo mahindi ya magunzi yawe kituo cha kupita kwako, cha siku chache tu.

Kabla hujarudi yadi, nenda shambani. Pima nafasi ya mistari yako sehemu kadhaa, tena si pale mwanzo wa mstari ambapo mpandaji alikuwa bado hajachoka. Kisha nenda yadi na futi ya fundi, upime kutoka katikati ya koo moja hadi katikati ya koo la pili. Mashine nyingi za zamani za mistari miwili zilitengenezwa kwa mistari ya inchi 36 hadi 42, yaani sentimita 91 hadi 107. Zilizokuja baadaye kwa mistari ya karibu ni za inchi 30, sentimita 76. Kama yako ni ya inchi 30, inakubaliana na sentimita 75 wanazozisema mabwana shamba. Kama ni ya mistari mipana, itakubidi upande kwa nafasi ya makoo yake, sentimita 90 au zaidi, na upunguze nafasi kati ya shina na shina ili idadi ya miche isipungue. Inawezekana. Ila usinunue ukidhani utailazimisha. Ukiingiza makoo ya sentimita 100 kwenye mistari ya 75, mstari mmoja utaingia na wa pili utalazwa chini. Kama mwenye yadi angekuwa na ya mstari mmoja ningekushauri uiangalie hiyo kwanza, maana haijali nafasi kiasi hicho na inavutwa kwa nguvu ndogo, ingawa kasi nayo inashuka kwa nusu.

Mistari inyooke, na ipandwe kwa mashine ya kupandia ya trekta, au kwa kamba na msimamizi mkali. Visiki ving'olewe vyote, si kufukiwa: pua ikigonga kisiki cha mgunga, bati linakunjika na siku imekwisha. Kunde na maboga katikati ya mistari, sahau. Na kama kuna upupu kwenye mipaka ya shamba lako, ufyekwe kabla haujakauka. Utambaao wake unajisokota kwenye roli, sawa, hilo utazibua, lakini yale manyoya yakiingia kwenye feni, dereva atashuka akikimbia na hutampata tena.

Panda pia mbegu isiyo ndefu mno. Staha au TMV-1 hazirefuki kama mbegu nyingi za kienyeji, na mahindi yaliyolala ni hasara kwa mashine yoyote. Acha nafasi ya kugeuzia kila mwisho wa shamba, mita nane hadi kumi. Na kumbuka mashine ya kuvutwa inakaa pembeni ya trekta, hivyo trekta inapita mahali palipokwisha kuvunwa. Maana yake mistari ya kufungulia shamba lazima ivunwe kwa mikono kwanza. Vibarua hutawaepuka kabisa.

Haya, ukaguzi. Nenda na fundi asiyekula kamisheni ya yadi, na nenda na trekta, au mwambie mwenye yadi akuletee trekta ya kuizungushia. Mashine isiyozungushwa mbele ya macho yako uihesabu kama chuma chakavu na uilipie bei ya chuma chakavu.

Anzia kwenye roli za kuvuta mabua, huku kila kitu kimezimwa. Pitisha kidole gumba kwenye mbavu zake. Zikiwa hai utasikia kingo. Zikiwa zimeisha utasikia mgongo laini wa mviringo, na roli za namna hiyo zitateleza kwenye bua, zitalisaga, na zitaziba. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuzijaza upya kwa elektrodi ngumu, lakini ni kazi ya uvumilivu, na roli zote mbili ziwe sawa. Kisha roli za kumenya: bonyeza raba kwa ukucha. Raba nzima inaitika, iliyokufa ni ngumu kama kwato na ina nyufa. Mashine iliyolala juani miaka mingi mara nyingi raba zake zimekufa zote, na hizo ndizo spea ngumu kuliko zote kupata hapa.

Cheni ivute mbali na sproketi kwa kidole. Ikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, imeisha, na sproketi nayo huenda imeisha. Cheni za roli za vipimo vya kawaida utazipata Gerezani au Kariakoo bila shida, na beringi za kawaida vilevile. Zitakazokusumbua ni beringi za shafti ya pembe sita na vipimo vya inchi, ambavyo Wamarekani walivipenda. Orodhesha namba zote kabla hujalipa, uzunguke nazo madukani siku moja. Kile utakachokikosa kina thamani ya kupunguziwa bei. Usishangae ukikuta baadhi ya beringi ni za mbao. Si ubabaishaji wa fundi wa mitaani, mashine za kilimo za zamani zilikuwa na beringi za mbao ngumu zilizoloweshwa mafuta, na zinafanya kazi. Zikiwa zimelika, mchonga vinyago wa Mwenge mwenye kipande cha mpingo atakuchongea zitakazodumu kuliko za mwanzo.

Fungua boliti ya chini ya giaboksi utoe mafuta kidogo kwenye kikombe cheupe. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yakimeremeta, gia zinasagana. Halafu kuna klachi ya kuteleza, ile yenye springi, ambayo kazi yake ni kuteleza pale kitu kinapokwama ili gia zisivunjike. Mashine ikikaa nje miaka kadhaa, sahani za klachi zinashikana kwa kutu na haitelezi tena. Hakuna atakayekwambia. Utagundua siku kisiki kitakapoingia na giaboksi kupasuka. Dawa yake ni rahisi: legeza springi, piga mstari wa chaki unaopita kwenye sahani zote, zungusha kwa sekunde chache. Mistari ikiachana, klachi inateleza, kaza tena kama ilivyokuwa. Mistari ikibaki pamoja, ifunguliwe isafishwe.

Sakafu za lifti zigonge kwa mpini wa bisibisi, zilizoliwa na kutu zinatoa sauti nyembamba. Matairi usiyahofie sana. Na kama mashine ndiyo kwanza inatoka nje ya nchi, ioshwe udongo na mabaki yote ya mabua kabla haijaingia shambani kwako, magugu tuliyonayo yanatosha.

Kuhusu trekta, 165 ina nguvu za farasi 58 hadi 62 kutegemea toleo, PTO yake, yaani shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ni ya mizunguko 540 kwa dakika, na ndiyo mashine hii inayoitaka. Hapo huna tatizo, ila breki ziwe nzima, maana utakuwa unavuta mashine na nyuma yake tela. Kukadiria tela: mita moja ya ujazo ya mahindi ya magunzi hutoa kama kilo 360 za punje. Ekari ya gunia 12 za kilo mia inajaza mita tatu na nusu hivi. Tela la mita mbili kwa tatu na nusu, lenye kuta za sentimita 60, linabeba ekari moja na nafasi kidogo. Uwe na matela mawili, moja likimwagwa lingine linajazwa, vinginevyo mashine itakuwa inasimama nusu ya siku.

Sasa mama, hapa nisome polepole. Mashine hii ndiyo iliyowakata Wamarekani vidole, mikono na maisha kuliko zana nyingi walizokuwa nazo, na karibu kila mara kwa namna moja: roli zimeziba, dereva ameshuka huku mashine inazunguka, ameshika bua ili alivute. Roli zinavuta bua zaidi ya mita tatu kwa sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuachia bua kabla mkono haujafika. Hodari, kijana, mwenye uzoefu, wote ni sawa. Kanuni iwe moja, na iandikwe kwa rangi kwenye bati: kabla ya kuzibua, PTO izimwe, injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni mwa anayezibua. Si mfukoni mwa dereva, mwa anayezibua. Dereva akiivunja mara moja, mwachishe kazi hata kama ni mtoto wa shangazi.

Shafti ya PTO inazunguka mara tisa kwa sekunde. Kifuniko chake kwenye mashine kuukuu mara nyingi kimepotea. Nunua kipya au usifunge shafti. Bati za kufunika cheni zilizokosekana zitengenezwe Gerezani kabla mashine haijapakiwa kwenye Fuso, usiseme utazitengeneza ukifika, hutazitengeneza. Waokotaji wanaofuata nyuma wakae mbali na wasiwe na kanga zinazoning'inia. Watoto wa jirani wanaokuja kuokota masazo wasikaribie mpaka trekta ikae kimya. Weka pia dumu la maji na kizima moto kwenye trekta, maganda makavu na beringi iliyochemka vinawaka haraka.

Siku ya kuvuna, anza mahindi yakiwa na unyevu wa asilimia 18 hadi 22. Ukisubiri yakauke kabisa, roli zitayapukuchua na punje zitamwagika ardhini. Kama yamekwishakauka, fanya kazi asubuhi kukiwa na umande kidogo. Baada ya kwenda mita mia moja, simama, zima, urudi nyuma kuhesabu. Kwenye mistari ya sentimita 75, pima mita 13 za mstari mmoja, hiyo ni kama mita kumi za mraba. Hindi moja la gramu 120 za punje likidondoka katika kila eneo la namna hiyo, unapoteza karibu kilo 50 kwa ekari, nusu gunia. Ukikuta mawili, punguza mwendo au sogeza roli. Pengo la mbele la roli huwa kati ya milimita 6 na 12, jembamba kwa mabua membamba, pana kwa manene. Maganda machache yakibaki kwenye mahindi yasikuumize kichwa, mbegu zetu nyingi zina ganda linalobana, na mashine ya kupukuchua itamaliza.

Mahindi yakimwagwa, yatandazwe kwenye turubai, si kwenye udongo, yaanikwe magunzi kwa magunzi, yapukuchuliwe, punje zianikwe tena mpaka asilimia 13. Huna kipimo? Chukua chupa ya glasi kavu, weka punje robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye chupa, bado unyevu umezidi asilimia 15. Usipuuze hatua hii. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na mnunuzi wa kueleweka anapima kiwango chake, ambacho kwa jumuiya yetu ya Afrika Mashariki hakipaswi kuzidi sehemu kumi kwa bilioni. Mashine inayovuna ekari sita kwa siku inakumwagia kama gunia 72 zenye unyevu kila jioni. Bila turubai za kutosha na mashine ya kupukuchua iliyo tayari, umehamisha tatizo kutoka shambani hadi uani.

Kwa hiyo nakushauri ufanye hivi. Msimu huu nunua kwanza mashine ya kupukuchua ya kufungwa kwenye PTO na turubai, zitakufaa hata ukivuna kwa mikono. Panda masika ijayo kwa mistari iliyonyooka. Wakati huo huo nenda yadi na futi, fundi na chaki. Makoo yakiwa ya sentimita 76, roli za kuvuta zikiwa na kingo, giaboksi safi na klachi inateleza, mpe ofa ya milioni nne, usivuke tano, na toa humo gharama ya kila raba na kila bati utakalolikosa. Ataguna. Mashine ya namna hiyo haina wanunuzi wengi Dar es Salaam, na kodi ya yadi Barabara ya Nyerere inamwumiza yeye kila mwezi. Mwachie namba yako ya simu, uondoke.